Lolwe: nyavu zinarudi tupu, mabaria wanataka kwenda maji ya nje. Niwaruhusu?

MamaChombo_Lolwe

Wavuvi wenzangu, habari za mialo. Naomba ushauri wa watu wanaoyajua maji, si wa watu wanaojua bei tu.

Niko kisiwa cha Lolwe, Namayingo, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria. Nina mtumbwi mmoja wa sangara, futi 28 kama sheria inavyotaka, mashine ya nguvu farasi 15, nyavu zenye matundu ya inchi 7. Ndani wako mabaria, yaani wavuvi wa kazi, watatu, na nahodha ni mmoja wao. Mtumbwi wa pili ni wa mukene, yaani dagaa, huo una watu wake na sina shida nao sana.

Tangu Juni ilipofika katikati, kusi imeanza na haina mzaha. Alfajiri maji yanatulia kiasi, unaweza kudhani leo Mungu ameamua kutupumzisha. Ikifika saa nne asubuhi unaona vichwa vyeupe vinaanza upande wa kusini wa kisiwa, na kuanzia saa saba mpaka jua linazama mawimbi yanapiga yale mawe makubwa mpaka povu linaruka juu yake. Waliowahi kufika Lolwe wanajua mawe ninayoyasema, yale yaliyopandana kana kwamba kuna mtu aliyapanga. Nyuma yake, upande wa kaskazini, ndiko mwalo wetu, pale vyombo vinapotia pwani, ulipo na maji ni ya afadhali.

Sisi tunatega karibu na kisiwa, magharibi na kaskazini-magharibi, penye mawe chini ya maji. Mwezi wa tatu na wa nne pale palitupa samaki mpaka boksi la barafu likawa halifungi. Sangara wa kilo tatu, kilo tano, na siku moja walileta mmoja ambaye ilibidi wawili wambebe. Sasa hivi nyavu zile zile, mahali pale pale, zinarudi na gogogo, furu walionaswa kwa miiba na sangara wawili watatu. Wengine ni wadogo kiasi kwamba lazima warudi majini maana hawafiki sentimita 50. Jana walichoniletea hakikulipa petroli.

Nahodha wangu ni kijana wa Kisamia, amezaliwa ndani ya mtumbwi ukipenda kusema hivyo. Anasema samaki wamehama, wamekwenda nje, kusini kabisa, kule ambako ukitupa jiwe la kupimia unatoa kamba pima thelathini ndipo linagusa tope. Anataka nimruhusu aende huko alale na nyavu, arudi kesho yake. Safari ya hapa karibu inakula nusu jerikeni. Hiyo ya nje anaomba jerikeni mbili na barafu mara mbili. Barafu si tatizo, siku hizi tunaipata hapa hapa kisiwani tangu umeme wa jua ufike. Petroli ndiyo inayouma. Na zaidi ya petroli kuna watu.

Mimi siingii majini. Lakini nahodha ana watoto wawili wanaokuja kwangu kila asubuhi kunywa uji, na mama yao ananisaidia kuanika mukene. Sitaki kumwambia yule mwanamke habari mbaya kwa sababu ya boksi la samaki.

Upande mwingine, mnajua hesabu ya chombo. Tunatoa petroli, barafu na chakula, kinachobaki tunagawana nusu kwangu nusu kwao. Kikibaki sifuri, baria hawezi kula sifuri. Mmoja ameshaanza kusema mwalo fulani upande wa Mayuge wanavua vizuri. Baria akiondoka katikati ya msimu, kumpata mwingine aliye mzima na asiyeiba nyavu ni kazi.

Kwa hiyo nauliza: ni kweli samaki wamekwenda nje, au wapo hapa hapa na sisi hatuwafikii? Na kama wako nje, mtumbwi wa mashine ya 15 una haki ya kuwafuata mwezi wa saba?

---

MzeeNdoano_Sigulu

Mama, pole na kazi. Swali lako ni zuri kwa sababu umeuliza kabla ya kutuma watu.

Mimi navua kwa ndoano, nimezeeka nayo, na nimeona kusi nyingi kutoka Sigulu mpaka huko kwenu. Nikuambie ninavyoona. Samaki hawajahama kama watu wanavyohama na magodoro. Wameshuka na wametawanyika. Mwezi wa pili mpaka wa nne chini kabisa ni kubaya, sangara hakai huko, anasogea juu na anasogea pwani. Ndiyo maana pale kwenye mawe mlimpata wa kutosha, alikuwa amebanwa. Kusi ikija inakoroga ziwa zima, chini panakuwa pazuri tena, basi samaki anapata nyumba kubwa. Waliokuwa chumba kimoja sasa wako vyumba kumi. Wewe unabisha hodi mlango ule ule wa mwezi wa nne.

Sasa angalia nyavu zako zinakaaje. Watu wengi wa inchi 7 huku wanatega nyavu zikining'inia kutoka juu, kamba ya boya fupi. Msimu wa mvua inafaa. Mwezi wa saba wavu ule unapita juu ya kichwa cha samaki. Mwambie nahodha arefushe kamba za maboya, aongeze uzito chini, nyavu zishuke mpaka zikaribie tope, si juu ya mawe maana zitachanika. Asitege juu ya mawe tena. Asogee pale mawe yanapoisha na tope linapoanza, ukingoni. Kila kisiwa kina ukingo huo, na kwa Lolwe nahodha wako lazima anaujua, labda ni mwendo wa dakika ishirini tu kutoka mwaloni kwa mashine.

Asibadilishe zote mara moja. Nusu zishuke, nusu zibaki juu, usiku mmoja. Asubuhi zitakuambia nyavu zenyewe.

Kuhusu kwenda nje na 15, jibu langu ni hapana. Si kwamba 15 haifiki, inafika. Fikiria saa. Ili atege jioni kule mbali lazima atoke saa saba au saa nane mchana, na wewe mwenyewe umeandika kwamba saa hizo ndipo mawimbi yanapiga mawe. Anakwenda kusini, mawimbi yote yako usoni, mtumbwi una jerikeni, barafu, nyavu. Maji yanaingia, mmoja anayakomba muda wote. Mashine ya 15 hapo haina akiba. Ikizimika, kabla hajabadilisha plagi mtumbwi umeshageuka ubavu.

---

BariaWaNje

Mzee heshima zako, lakini tusimtishe mama. Sisi tunakwenda nje kila kusi na tunarudi. Samaki wakubwa wako nje. Hapa karibu utapata wa kilo moja na nusu, kilo mbili, hao wanaotosha sheria kwa shida. Nje unapata mwenye bondo (kile kibofu cha hewa tumboni) la maana, na mama anajua bondo la sangara mkubwa likienda kwa wanunuzi peke yake linaweza kulipa petroli yote, nyama ikabaki faida. Huko China wanalitaka kweli kweli.

Kama baria wake wanataka kwenda, basi wameona. Baria haendi kufa kwa kupenda.

---

MzeeNdoano_Sigulu

Kijana wangu, wewe unatumia mashine gani?

---

BariaWaNje

40 mzee. Na tunakwenda vyombo viwili pamoja, kimoja kikipata shida kingine kinavuta. Hilo nakubali, sikulisema mwanzo.

---

Samaki_Jinja

Mama, shikamoo. Nimesomea mambo ya samaki na ninaishi Jinja, si mvuvi, hivyo mambo ya mashine nawaachia wazee. Nataka kuongezea hapo Mzee aliposema chini ni kubaya, kwa sababu amesema kweli tupu na ina sababu yake.

Ziwa letu lina kina cha mita kama 80 mahali pa chini kabisa, na wastani ni mita 40 hivi. Kuanzia Septemba mpaka Mei, jua linapasha maji ya juu na hayo ya moto yanakaa juu ya ya baridi bila kuchanganyika. Maji ya chini hayapati hewa mpya, na mwani na uchafu unaooza unamaliza oksijeni iliyokuwepo. Kufika Februari, Machi, sehemu kubwa iliyo chini ya mita 40 au 50 inakuwa na oksijeni kidogo mno. Dagaa na furu fulani wanavumilia kiasi. Sangara hawezi, yeye ni mwepesi wa kukosa pumzi kuliko wengi.

Juni hadi Agosti upepo wa kusi mkavu unapoza maji ya juu, yanakuwa mazito, yanazama, na ziwa linachanganyika mpaka chini. Oksijeni inafika tope. Sangara anaweza kukaa popote kuanzia mita tano mpaka mita sitini. Idadi yake ziwani haijapungua ndani ya wiki tatu, ila kwa kila eneo la maji wamepungua kwa sababu wametawanyika. Nahodha wako na Mzee wote wawili wako sahihi: samaki wako nje, na wako pia hapo karibu, chini.

Watu wanaodhani hili ni la vitabuni wakumbuke mwezi wa kwanza 2021. Sangara walielea wamekufa upande wetu wa Uganda, Victoria na hata Kyoga, wakubwa kwa wengi, na watu wakasema ni sumu. Wizara na watafiti wakaeleza ni oksijeni: dhoruba ilipandisha maji mabaya ya chini. Kwa sababu alikufa sangara hasa, na wengine hawakufa kwa wingi ule, ukiangalia unaona mwenyewe nani hawezi kustahimili.

Jambo lingine ambalo linaweza kusaidia. Sangara mdogo anakula sana wale uduvi wadogo wa ziwani pamoja na dagaa na furu. Wanapokwenda uduvi na dagaa, naye yuko nyuma. Mabaria wako wa mukene wanaona nini kwenye taa usiku? Wakisema upande fulani mukene ni wengi, hapo ndipo pa kushushia nyavu chache za sangara. Chombo chako cha pili ni macho ya chombo cha kwanza.

---

MamaChombo_Lolwe

Samaki_Jinja, marahaba mwanangu. Hilo la mwisho sijawahi kulifikiria na liko hapa hapa nyumbani kwangu. Watu wa mukene walisema giza lililopita, zile siku zisizo na mbalamwezi, walipata vizuri upande wa mashariki, na wakalalamika kwamba sangara walikuwa wanarukia ndani ya taa na kutawanya mukene. Mimi nilisikia malalamiko tu.

Mzee, nyavu zetu ndivyo zilivyo, kamba ya boya ni fupi. Nimemuuliza nahodha leo, akanyamaza kidogo halafu akasema baba yake alikuwa akizishusha wakati wa kusi. Sasa kwa nini yeye hazishushi? Anasema zikishushwa zinachukua muda kuvuta, na wakichelewa kuvuta kusi inawakuta njiani.

---

Kusi_Musoma

Salaam kutoka Musoma. Kusi hiyo hiyo inatupiga sisi kwanza ndipo inawafikia ninyi, kwa hiyo nitasema kidogo.

Kwetu huku upepo unatoka nchi kavu, bado haujapata nafasi ya kulea mawimbi. Ninyi mko mwisho wa ziwa. Ziwa ni zaidi ya kilomita 300 kutoka kusini mpaka kaskazini, na wimbi linalofika Lolwe limekua njia nzima. Nimewahi kuvua maji ya kwenu, wimbi la huko ni refu na zito, halifanani na letu hata siku upepo ni ule ule.

Mzee amezungumzia kwenda. Mimi naogopa zaidi kurudi. Ukirudi kaskazini wakati wa kusi mawimbi yako nyuma yako. Mtu mgeni anafurahi, anasema tunasukumwa. Mtumbwi uliojaa samaki na nyavu zilizolowa ni mzito nyuma, wimbi linaunyanyua, unateleza mbele kwa kasi, omo, yaani mbele ya mtumbwi, inachimba maji, na hapo ukikosa kushika usukani sawasawa unageuka ubavu mara moja. Wengi niliowajua waliopotea kwenye kusi walipotea wakirudi, wakiwa na samaki. Mashine ndogo hapo ndiyo mbaya, kwa sababu huwezi kukimbia sawa na wimbi, linakupita na kukugeuza.

Tena usiku wa mvua ni tofauti na usiku wa kusi, watu wanachanganya. Ile ngurumo ya alfajiri ya mwezi wa nne au wa kumi na moja inatokea kwa sababu upepo wa nchi kavu kutoka pande zote unakutana katikati ya ziwa usiku. Inakuja ghafla na inapita. Kusi haiji ghafla. Inakuonya, na inakaa wiki. Kwa hiyo huna sababu ya kukutwa nayo njiani, ukiheshimu saa. Kwetu sheria ya mwaloni wetu ni kwamba saa tatu asubuhi chombo kiwe kimeshika mchanga. Aliyechelewa anawaacha samaki wakae kwenye nyavu mpaka kesho, wakioza waoze.

Na nje kuna wezi wa mashine. Hawaogopi upepo hao. Chombo kimoja, watu watatu wamelala juu ya nyavu, mashine mpya, ni mwaliko. Pia mwambie nahodha awe na karatasi zote za chombo, maana Lolwe kwenda mashariki si mbali ukajikuta maji ya Kenya, na boya linaloelea halijui mpaka uko wapi. Nyavu zako zikibebwa na mkondo usiku zikavuka, mazungumzo ya asubuhi yatakuwa marefu.

---

Mukene_Majanji

Dada yangu wa Lolwe, mimi naanika na kuuza mukene hapa Majanji. Wanaume wamekujibu vizuri juu ya sangara, mimi nataka kuzungumzia upande wa hesabu.

Kusi ni jua kavu. Mukene anakauka siku moja, safi, anang'aa, wa kula binadamu, si yule wa mvua anayegeuka kahawia na kuishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya aibu. Usimwanike mchangani, jenga chanja za wavu, hata za miti tu, upepo upite chini. Msimu huu ndio wa kupata pesa kwa mukene hata kama umepata ndoo chache, mradi wawe safi. Kwa hiyo mbona unataka chombo cha sangara kikulishe mwezi wa saba? Kila chombo kina mwezi wake.

Ningekuwa wewe ningemwambia baria anayetaka kukimbilia Mayuge aingie kwenye chombo cha mukene siku za giza, alipwe huko. Mbalamwezi ikiingia mukene hawaji kwenye taa, basi hapo wote wanageukia nyavu za sangara kwa siku chache, wanashona zilizochanika, wanapumzika. Watu wetu hawapumziki ndiyo maana wanafanya maamuzi ya kuchoka.

Ila usikubali wakuambie wafanye ile hurry up ya mukene, ya kuvuta wavu mbio mbio, ili wapate haraka. Ilikatazwa, inazoa mpaka watoto wa sato na sangara, na waliokamatwa nayo nyavu zao zilichomwa. Nimeona mwanamke mwenzangu akilia mbele ya moto.

---

BariaWaNje

Dada Mukene amesema neno. Mimi mwenyewe kabla ya kupata tajiri, mwenye chombo, aliye na mashine ya 40 nilikuwa chombo cha 15, na tulikuwa tunakaa mukene Julai yote. Sasa nakumbuka tulikula vizuri tu.

Mama, kama watu wako watakwenda nje siku moja kwa kukaidi, au kama utakopa mashine kubwa, haya ndiyo tunayobeba: plagi mbili mpya ndani ya nailoni, spana yake imefungwa kamba kwenye mtumbwi isianguke majini, kasia tatu nzima, jerikeni tupu tatu zilizofungwa vizuri vifuniko na kuunganishwa kamba, maana hizo zinaelea hata chombo kikijaa. Jaketi za kuokolea kila mtu moja, imevaliwa. Jaketi iliyo chini ya nyavu haijawahi kumwokoa mtu. Simu ndani ya nailoni mbili. Nanga yenye kamba ndefu, mashine ikifa tupa nanga kutoka mbele hata kama haigusi chini, funga nayo nyavu zilizolowa, itashika omo ielekee upepo mpaka utengeneze.

Na wasikilize utabiri wa ziwa wa watu wa hali ya hewa. Zamani tuliudharau. Wanatoa wa mchana na wa usiku, wanataja upepo na mawimbi kwa kila eneo la ziwa. Haukosi kukosea, lakini siku wakisema mawimbi makubwa, tunakaa.

---

MzeeNdoano_Sigulu

Kijana amesema vizuri, na hilo la nanga kutoka mbele watu wengi hawalijui.

Mama, umeuliza kwa nini nahodha hazishushi nyavu. Amekupa jibu la kweli: muda wa kuvuta. Basi punguza nyavu. Tajiri wengi hawataki kusikia hivyo. Nyavu nusu zilizo mahali pake zinashinda nyavu zote zilizo juu ya vichwa vya samaki. Waingie nazo saa kumi na moja jioni, hapo karibu, upande uliokingwa na kisiwa au ukingo wa mashariki kama mukene wako huko. Waanze kuvuta saa kumi alfajiri kabla ya mwanga, wamalize saa kumi na mbili. Hapo maji ndiyo yametulia. Saa moja wako mwaloni, barafu inawangoja nchi kavu badala ya kupanda mtumbwini, chombo kinakuwa chepesi.

Na ikiwa ni mbalamwezi kali usitegemee sana. Sangara anaona wavu. Shusha zaidi, maji ya chini yana giza lake.

---

MamaChombo_Lolwe

Nimewasoma wote, na nimemsomea nahodha kwa sauti, mke wake akiwapo. Tumekubaliana hivi: nje haendi mpaka kusi ipungue. Nyavu tunagawa, nusu zinashushwa upande wa mashariki pale watu wa mukene walipolalamikia sangara, nusu zinabaki nyumbani zishonwe. Baria aliyetaka Mayuge anaingia chombo cha mukene giza likianza, na nimemwahidi mgawo wake kama wengine. Alisema atakaa tuone.

Nahodha ana swali moja kwa Mzee. Uzito wa chini tunatumia vipande vya nondo, na anaogopa vikinasa kwenye mawe atapoteza wavu mzima. Ukingo wa mashariki hauko safi, kuna mawe ya hapa na pale ndani ya tope. Afanyeje?

---

MzeeNdoano_Sigulu

Atupe nondo. Chuma kinakata kamba na kinanasa.

Atafute mawe ya mviringo, kiasi cha ngumi ya mtu mzima, pwani ya Lolwe haina uhaba. Kila jiwe alifunge ndani ya kipande cha wavu mkuukuu kama kifuko. Kifuko hicho akifunge kwenye kamba ya chini ya wavu kwa uzi mwembamba, ule wa kushonea, si kwa kamba. Umbali kutoka jiwe mpaka jiwe uwe kama pima mbili, na mwisho wa wavu aweke mazito zaidi ili mkondo usiukunje. Jiwe likinasa, akivuta uzi mwembamba unakatika, jiwe linabaki chini na wavu unapanda. Atapoteza mawe tu.

Kila boya aandike namba ya chombo. Na boya la kwanza alifunge kitambaa cheupe, saa kumi alfajiri asilitafute kwa kupapasa.

Kama maji yana mkondo mkali usiku wa kwanza, aongeze jiwe moja katikati ya kila mawili. Asiongeze zaidi ya hapo, watu wa kuvuta ni watatu.

---

MamaChombo_Lolwe

Ahsante Mzee. Mawe wameshaanza kuokota, na watoto wa nahodha ndio wanaochagua yaliyo mviringo. Wavu mkuukuu ninao mwingi ghalani. Wanatega kesho jioni kama utabiri wa usiku ni mzuri, nitaandika hapa walichopata, wawe wengi au wachache.

---

Kusi_Musoma

Andika pia kina walichotega na upepo ulivyokuwa asubuhi, mama. Kilo peke yake hazitusaidii sisi wengine.